Uliza Fundi wa Sauti: MP3, WAV, FLAC na mziki unaopotea njiani

Safari hii barua zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, mafaili ya mziki. Kwanini hili kubwa lile dogo, lipi la kutunza lipi la kufuta, nani kamdanganya nani. Nimechagua zile ambazo naona zitawafaa wengi, zilizokua ndefu nimezipunguza. Jibu la kwanza lina hesabu kidogo, naomba msiiruke maana ndo inafungua mengine yote.

Shikamoo fundi. Kwaya yetu imetoka kurekodi, prodyuza katupa kila wimbo mara mbili, faili moja la WAV lina megabaiti 42 na jingine la MP3 halifiki hata 4. Tumesikiliza yote kwenye simu hatusikii tofauti. Sasa wenzetu wengine wanasema MP3 tumepunjwa, wengine wanasema WAV limejazwa upepo tu ili tuone kazi kubwa imefanyika. Nani mkweli? – Katibu wa kwaya

Marahaba katibu. Upepo hakuna, na kupunjwa hamjapunjwa, ila hayo mafaili mawili hayalingani na mkipoteza lile kubwa mmepoteza kitu kweli.

Iko hivi. Sauti ni hewa inayotikisika, na kompyuta haiwezi kutunza mtikisiko wenyewe kwa hiyo inaupima, inaandika namba, inapima tena, inaandika namba nyingine, hivohivo mpaka wimbo uishe. Kwenye WAV la ubora wa CD inapima mara 44,100 kila sekunde, upande wa kushoto na upande wa kulia, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16, yaani sifuri na moja kumi na sita. Chukua kikokotoo uzidishe mwenyewe, 44,100 mara 16 mara 2, unapata biti 1,411,200 kwa sekunde moja. Biti nane ni baiti moja, kwa hiyo kila sekunde inakula baiti 176,400, na wimbo wa dakika nne una sekunde 240, hapo ndo inapotoka hiyo megabaiti 42 yenu. Hata mngesimama kimya mbele ya maiki dakika nne nzima faili lingekua na ukubwa uleule, maana kimya nacho kinapimwa. Na kwanini 44,100? Kwa sababu sikio la mtu mwenye masikio mazima, kijana, linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na ili unase mtetemo vizuri lazima uupime zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko wake, ndo ikawekwa 40,000 na ziada kidogo.

Sasa MP3. Programu inaukata wimbo kwenye vipande vya vipimo 1,152, yaani kila kipande ni kama sehemu 26 za elfu za sekunde, huwezi hata kupepesa jicho. Kipande kama hicho kwenye WAV kina baiti 4,608. Kwenye MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, ambayo kwa ukubwa mliotaja ndo mliyopewa, kinatakiwa kiingie kwenye baiti 418 hivi. Fikiria kazi hiyo, umepewa kurasa kumi na moja unaambiwa andika kwenye moja na msomaji asigundue.

Inawezekanaje? Kwa kulijua sikio. Ukiwa unaongea na mtu afu lori likapita, mdomo wake unauona unatembea ila humsikii, na sio kwamba ameacha kuongea, lori limemfunika. Kwenye mziki kufunikana huko kunatokea muda wote, ngoma ikipigwa kwa nguvu inafunika vitu vidogo vilivyo karibu nayo kwa masafa, yaani kwa unene au wembamba wa sauti, na inavifunika hata kidogo baada ya yenyewe kunyamaza. Programu ya MP3 inapiga hesabu ya nani anamfunika nani kwenye kila kipande, afu zile namba inaziandika kwa kukadiria, sehemu iliyofunikwa inakadiriwa ovyo zaidi, sehemu inayosikika inaandikwa kwa uangalifu. Watu wengi wanadhani MP3 inafuta tu sauti, kumbe sehemu kubwa ya ujanja ni huo wa kukadiria. Kukadiria kunazaa makosa, makosa yanasikika kama mvumo, na mvumo huo unafichwa chini ya sauti kubwa ili usiusikie.

Hapo ndo kwaya inapoingia. Pale Ujerumani kwenye taasisi ya Fraunhofer, mji wa Erlangen, ambako sehemu kubwa ya kazi ya MP3 ilifanyika, mmoja wa waliokua wakiijenga, Karlheinz Brandenburg, alitumia wimbo wa Suzanne Vega anaoimba peke yake bila ala yoyote kupima kama programu imeiva. Mwanzoni ulitoka vibaya sana. Sababu ni kwamba sauti ya mtu mmoja uchi haina ngoma wala gitaa la kujifichia, kila kosa linaonekana. Kwa hiyo kama nyie mnaimba bila ala, au mna vipande vya solo vya utulivu, 128 itawaumiza kabla haijawaumiza wenye bendi. Kwenye spika ya simu hamtasikia, sikilizeni kwenye hedfoni nzuri pale solo anapovuta pumzi.

WAV litunzeni mahali pawili tofauti. La kugawia watu mwombeni prodyuza awatolee MP3 nyingine ya kilobiti 256 au 320 kutoka kwenye WAV, sio kutoka kwenye hiyo MP3 ya sasa. 320 itakua kama megabaiti 9 na nusu, simu yoyote inabeba.

Fundi mambo. Nina MP3 kama mia sita za kilobiti 128 nilizozikusanya miaka mingi. Nimepata programu nikazigeuza zote kuwa WAV, kweli mafaili yamekua makubwa na mi naona kama besi imepanda. Nimefanya sawa? – Mpenda besi

Poa ndugu yangu. Pole, maana hapa nakuletea habari usiyoitaka. Kikombe cha maji ukikimimina kwenye ndoo, maji ni yaleyale. MP3 ilipotengenezwa zile namba za asili zilitupwa, na hakuna sehemu zilipowekwa akiba, kwa hiyo programu yako ilichofanya ni kuzifungua zile zilizokadiriwa na kuziandika kwa kirefu. Umejaza diski bure. Hiyo besi iliyopanda naamini umeisikia kweli, ila angalia, mara nyingi programu ya kuchezea ikibadilika na sauti inapanda kidogo, na sauti ikipanda kidogo tu sikio linasema "hii nzuri zaidi". Kila mtu yuko hivo, hata mafundi.

Ukitaka kuliona kwa macho fungua faili lako kwenye Audacity uchague kuliangalia kama spektrogramu, au tumia Spek, zote za bure. Utaona picha ya rangi, chini ni besi juu ni zile sauti nyembamba za matoazi. MP3 nyingi za 128 zinakatwa karibu na mitetemo 16,000, utaona rangi zinapanda afu ghafla giza, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Sasa fungua hiyo WAV uliyoigeuza, mstari ni uleule palepale. Afu tafuta wimbo kutoka kwenye CD halisi uulinganishe, utaona rangi zinaendelea mpaka juu kabisa na zinafifia taratibu. Njia hii itakusaidia pia siku mtu akikuuzia WAV au FLAC (fomati inayobana bila kupoteza, nitaieleza chini) iliyotoka kwenye MP3, na hao wapo.

Futa hizo WAV ubaki na MP3 zako. Na tafadhali usizigeuze kwenda AAC au Ogg au fomati nyingine yoyote inayobana kwa kupoteza, maana hiyo itakadiria juu ya makadirio. Umeshaona fotokopi ya fotokopi, herufi zinavimba. Ndo hivo.

Je nikibadilisha tu jina la faili kutoka .mp3 kuwa .wav inakua WAV? – Mwanafunzi

Hapana mdogo wangu. Umebadilisha lebo ya chupa, ndani ni kilekile. Programu zingine zitalicheza kwa sababu zinachungulia ndani, zingine zitagoma. Na ujue kwamba hata lebo sahihi haisemi kila kitu, mfano .m4a ni chombo tu, ndani inaweza kuwa AAC ambayo inapoteza au ALAC ya Apple ambayo haipotezi kitu, na kwa nje yanafanana kabisa. Angalia ukubwa, wimbo wa dakika nne ukiwa megabaiti 7 hiyo ni AAC, ukiwa 28 hiyo karibu hakika ni ALAC.

Kaka mi sielewi FLAC. Wanasema inabana lakini haipotezi kitu. Inawezekanaje upunguze kitu karibu nusu afu useme hujatoa chochote? – Mhasibu

Swali hili nalipenda sana, na we kama mhasibu utanielewa haraka. Tuseme una daftari la namba hizi, 1,000 afu 1,010 afu 1,020 afu 1,030. Nikikuuliza inayofuata utasema 1,040. Sasa tuseme ya kweli ni 1,042. Badala ya kuandika 1,042 nzima mi naandika "2" tu, yaani tumekosea kwa mbili. Atakayefungua daftari anajua kanuni ileile ya kukisia, anakisia 1,040, anaongeza 2, anapata 1,042 kamili bila kupungua hata moja. FLAC inafanya hivo. Mawimbi ya sauti hayarukiruki ovyo, kipimo kinachofuata kinakua karibu na pale mwendo ulipokua unaelekea, kwa hiyo inakisia, inaandika makosa, na makosa ni namba ndogo zinazokaa kwenye biti chache. Ukifungua unapata zilezile namba za WAV, moja baada ya nyingine, hakuna aliyekadiria.

Ndo maana FLAC haina ukubwa mmoja. Gitaa moja limepigwa polepole linakisika vizuri, faili linaweza kushuka chini ya nusu ya WAV. Wimbo wa kelele nyingi, matoazi muda wote na sauti imesukumwa juu mwanzo mwisho, unakisika kwa shida na unaweza kupungua robo tu. ZIP ya kawaida ukiipa WAV inapunguza kidogo sana kwa sababu inatafuta vitu vinavyojirudia sawasawa kama maneno kwenye barua, na vipimo vya sauti havijirudii hivo.

FLAC ilitoka rasmi 2001, ilianzishwa na Josh Coalson, ni ya bure na wazi, na hiyo wazi ina maana kubwa kuliko watu wanavyofikiri, miaka thelathini ijayo mtu yeyote ataweza kuandika programu ya kuifungua bila kumwomba mtu ruhusa.

Habari fundi. Nilirekodi wimbo wangu wa kwanza na prodyuza akaniambia "nimekompresi sauti yako". Nikaogopa, nikamwambia mi sitaki MP3, akashangaa. Nilikosea wapi? – Mwimbaji chipukizi

Hujakosea dada, lawama ni za neno lenyewe, limepewa kazi mbili zisizohusiana. Tunaloongea kwenye barua za juu ni kubana data, faili liwe dogo. Prodyuza wako anaongelea kubana nguvu ya sauti. Ukiimba kuna sehemu unanong'ona na sehemu unapaza, kompresa inashusha zile ulizopaza zikaribiane na zile za mnong'ono, afu anainua zote kwa pamoja, sauti yako inakaa mbele na kila neno linasikika. Faili halipungui hata baiti moja, WAV ya dakika nne inabaki megabaiti 42.

Ila kuna pa kuwa makini. Kompresa ikitumika kwa adabu ni kitu kizuri mno, lakini kuna tabia ya kubana wimbo mzima na kuusukuma mpaka dari, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho faili linaweza kubeba, ili usikike mkubwa kuliko wa jirani. Wimbo wa hivo hauna pumzi, unachosha sikio baada ya dakika mbili, na mi naona ni dhuluma kwa mtu aliyeimba kwa hisia. Siku hizi wala haisaidii maana majukwaa ya kusikilizia kama Spotify yanasawazisha sauti, wimbo uliosukumwa sana unashushwa tu, na ukishashushwa unabaki ule uliobapa. Tena ukiugusisha dari kabisa afu ukageuzwa MP3, yale makadirio yanaweza kufanya mawimbi yapande juu ya dari wakati wa kuchezwa na utasikia mkwaruzo ambao kwenye WAV haukuwepo. Mwambie aache nafasi ya desibeli moja hivi juu. Prodyuza mwelewa hatakataa.

Nikimrekodia mtu wimbo kwa voisi ya WhatsApp unafika mbaya sana. Kwanini? – Msomaji

Voisi zile zinatumia Opus, fomati iliyokua kiwango rasmi 2012, na kusema kweli Opus ni kazi nzuri sana, kwa kilobiti chache inashinda MP3. Shida ni kwamba voisi zimepangwa kwa maongezi, maiki ya simu, kilobiti ndogo. Mdomo wa mtu mmoja unapita vizuri, bendi nzima inasagwa. Tuma faili lenyewe la wimbo kama dokumenti, linafika kama lilivyo.

Fundi natengeneza midundo. Nimetoa kipande cha ngoma cha kujirudia kama MP3 nikamtumia mwenzangu, akasema kila kikirudi mwanzo kuna pengo na ngoma inachelewa. Kwangu kwenye programu kiko sawa kabisa. – Mtengeneza midundo

Mwenzako hakusingizii. MP3 inafanya kazi kwa vipande vya vipimo 1,152 na lazima kipande kijae, kwa hiyo mwisho inaongezewa kimya cha kujazia, na mwanzoni programu za kubana na kufungua zinaongeza kimya kingine, kwa kawaida vipimo elfu moja na ushee, karibu sehemu 25 za elfu za sekunde. Kwenye wimbo mzima huoni, kwenye ngoma inayojirudia ni kasoro tosha ya kumfanya mtu acheze vibaya. Programu zingine zinasoma maelezo yaliyofichwa ndani ya faili na kukata kile kimya, zingine hazisomi, ndo maana kwako sawa kwake tatizo. Vitu vya kufanyia kazi tumianeni WAV au FLAC siku zote.

Nimenunua hedfoni za Bluetooth nikaanza kukusanya nyimbo za biti 24 na vipimo 192,000. Napata faida? – Mpenzi wa mziki

Kwa hizo hedfoni, ndogo sana au hakuna. Bluetooth ya kawaida ya mziki inabana tena sauti kabla ya kuirusha hewani, kodeki ya msingi, yaani njia ya kubana na kufungua sauti, inaitwa SBC na inapoteza, kwa hiyo chochote ulichonacho kinapitia hapo kwanza. Waya haina tatizo hilo.

Hata kwa waya, biti 16 tayari zinakupa umbali wa desibeli 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na mvumo wa chini, na vipimo 44,100 vinafika mwisho wa sikio. Biti 24 ni za studio, pale fundi anapochanganya na kuinua na kushusha anahitaji nafasi ya kukosea. Kusikilizia nyumbani pesa yako iende kwenye hedfoni bora, tofauti utaisikia siku hiyohiyo.

Tumebishana kazini. Mwenzangu anasema anasikia tofauti kati ya MP3 ya 320 na FLAC hata akiwa amelala. Mi sisikii kitu. Masikio yangu mabovu? – Mbishi

Masikio yako sio mabovu. 320 iliyotengenezwa vizuri kwa programu kama LAME wengi wetu hatuitofautishi kwenye nyimbo nyingi, na mi niko humo. Ila ubishi huu haumaliziki kwa maneno, fanyeni jaribio. Chukueni wimbo mmoja wa FLAC, mtengeneze 320 kutoka kwenye FLAC hiyohiyo, sio ya kushusha sehemu nyingine maana inaweza kuwa toleo tofauti kabisa, hakikisheni zinalingana kwa ukubwa wa sauti, afu mtu wa tatu acheze bila nyie kuona ni ipi. Mara 16. Kwa kubahatisha tu mtu anapata kama 8, kwa hiyo akifika 12 au zaidi kuna kitu kweli anakisikia na mheshimu. Programu ya Foobar2000 ina kifaa cha kufanya jaribio hili peke yako.

Nilishalifanya kwa 128 na hapo niliweza, na nawaambia nilishikia wapi ili nanyi mjifunze kusikiliza. Makofi. Kuna sekunde moja ya kimya afu watu wanapiga makofi pa! kwa pamoja. Kwenye FLAC kimya ni kimya mpaka kofi linapotua. Kwenye 128 kabla tu ya kofi kuna kama mchanga unamwagika, fupi sana, kwa sababu kosa la kukadiria linatawanyika kipande kizima na kofi liko mwishoni mwa kipande, kwa hiyo mvumo unatangulia kabla ya sauti iliyotakiwa kuufunika. Pili ni matoazi yakilia kwa muda mrefu, badala ya kuwaka tsssss yanazungukazunguka kama maji yanavuja. Ukishayajua hayo mawili utayasikia kila mahali, na sijui kama nimekufanyia wema.

Fundi, baba amefariki na ameacha kanda za kaseti kama arobaini, yeye na wenzake wakipiga mziki miaka hiyo, hazikuwahi kutolewa. Kijana mmoja kasema atazigeuza zote MP3 kwa siku mbili. Nimsikilize? – Mtoto wa mpiga gitaa

Pole sana kwa msiba, Mungu ampumzishe mzee. Naomba umwambie huyo kijana asubiri.

Nakuambia kwa uchungu maana mi nilishapoteza. Nilimrekodi bibi yangu akisimulia, kama saa mbili hivi, kinasa changu kilikua na memori ndogo nikakiweka kwenye MP3 ya kilobiti 32 ili nafasi itoshe. Bibi hayupo tena. Rekodi ninayo na maneno yote yanasikika, lakini kila anapotamka s au sh ni kama anaongea nyuma ya kitambaa, na zile pumzi zake kabla ya kusema jambo zito, programu iliziona ni mvumo ikazikata. Nimejaribu kila programu. Hazipo kwenye faili, na hakuna faili jingine.

Kwa hiyo kanda za mzee zinaswe kwa WAV, biti 24 na vipimo 48,000. Saa moja ya kanda ni kama gigabaiti moja, kanda arobaini zinaingia kwenye diski ndogo tu na nafasi inabaki. Hizo biti 24 sio kwa sababu kanda ina ubora huo, ni ili uweze kurekodi kwa sauti ya chini kidogo bila hofu, pale ngoma inapopiga ghafla isigonge dari, maana ikigonga hapo nayo haitengenezeki. Usiondoe mvumo wa kanda kwenye nakala hii ya kwanza, kusafisha utafanya kwenye nakala nyingine, programu za kusafisha zinakua bora kila mwaka na leo ukisafisha vibaya umemkata baba vidole vyake kwenye nyuzi. Ukimaliza zigeuze FLAC, mafaili yatapungua bila kupoteza, na ndani ya FLAC unaandika majina ya wapigaji na mwaka na upande wa kanda, tena inabeba alama ya ukaguzi ya sauti nzima kwa hiyo miaka kumi baadaye programu inaweza kukuambia kama faili limeharibika hata biti moja. Weka diski mbili, nyumba mbili. Ndugu na jamaa watumie MP3 za kutosha, hiyo haina shida yoyote, hiyo ndo kazi yake.

Kuhusu deki yenyewe, safisha hedi, kile kichuma kinachosoma kanda, kwa pamba na spiriti kabla ya kila kanda kadhaa. Kama sauti inatoka imefifia juu, kuna kiskrubu kidogo pembeni ya hedi kinachorekebisha mwinamo wake, kizungushe taratibu sana huku unasikiliza mpaka nyuzi za gitaa ziwake, mwachie anayejua kama mkono wako haujazoea. Peleka kanda mbele mpaka mwisho na uirudishe kabla ya kuicheza, zilizokaa miaka zinagandana. Na mitambo yote ijaribu kwanza kwa kanda isiyo na thamani, ukiridhika na sauti ndo uiweke ya baba, ukianza na ile iliyochoka zaidi.